Faida ya Nane

Faida za kufuga shinshila ni nane. Nazijua zote kwa mpangilio wake, kwa sababu Mzee Huseni alinihesabia kwa vidole kila siku kwa miezi mitatu, mpaka nikawa natamani Mungu ampunguzie vidole. Siku hizo hasira zangu zilikuwa za karibu. Mtu anayetoka Kinama kwa miguu alfajiri kwa sababu mabasi hayana mafuta, akafika Ngagara jasho linamtiririka, kisha akapokewa na hotuba juu ya panya wa Kizungu, lazima anune kidogo.

Nilimwita panya ili kumchokoza Mzee. Kwa kweli alikuwa mzuri. Alikuwa na ukubwa wa sungura mdogo, rangi ya majivu, masikio ya duara na mkia kama wa kindi, na manyoya yake yalikuwa mazito hata kidole kikizama hukioni. Mwenyewe alikuwa mama mmoja Mzungu, mteja wa Mzee tangu enzi za gereji. Alipomaliza kazi yake Bujumbura hakuweza kupanda naye ndege, akamletea mtu aliyemwamini kuliko wote mjini, yaani fundi wa gari lake. Akamwachia na kizimba kikubwa, feni ndogo, kopo la vumbi laini na karatasi ya maelekezo. Mzee akampa jina Pistoni, kwa vile alivyokuwa akiruka juu na chini kizimbani bila kuchoka.

Mimi naitwa Dorothée, ila pale nyumbani niliitwa Mama Prodige, kwa jina la mwanangu. Nilizaliwa Kabare, upande wa Kongo, nikakimbilia Burundi na watoto, na nilianza kumpikia Mzee Huseni na kumfulia mwaka ule mkewe, Mama Mwantum, alipofariki. Mzee alikuwa fundi makanika aliyestaafu, Mwislamu wa mji huu tangu babu yake, mtu wa maneno mengi na mikono safi. Nasema safi kwa sababu alizisugua kucha zake kwa sabuni ya unga na mchanga kila jioni, Mama Mwantum alimzoesha hivyo.

Kisha akaanza kusahau. Mara funguo, mara bomba la maji. Siku moja aliswali adhuhuri msikitini, akarudi, akala, akatawadha na kwenda tena kuswali ileile, wenzake wakamrudisha kwa upole. Binti yake, Assia, anayekaa Gasenyi na mumewe kwenye nyumba mpya, alipolisikia hilo alikuja na uamuzi tayari. Baba ahamie kwake, kuna chumba cha nyuma, na nyumba ya Ngagara ipangishwe. Mzee hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kiti cha marehemu mkewe na kusema atakufa kabla mvua hazijaanza.

Assia si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliona vile baba yake alivyomshika yule mnyama, akafanya mapatano na Mzee. Angempa miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo Mzee amtunze Pistoni peke yake, kwa kufuata karatasi ya Mzungu, na akifaulu atabaki kwenye nyumba yake na hakuna atakayelitaja tena jambo la Gasenyi. Kisha akanigeukia mimi na kuniambia nisimsaidie. Nisimguse mnyama, nisimkumbushe Mzee chochote. Nikaapa kwa Biblia, ingawa yeye hakuniomba Biblia.

Na Mzee akaweza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, aliweza. Shinshila ni mnyama wa milima ya baridi, joto la mji wetu linamuua, kwa hiyo kizimba kiliwekwa kwenye chumba kisichopigwa jua, juu ya sakafu ya vigae, feni ikizunguka, na chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa ikibadilishwa asubuhi na mchana. Umeme ukikatika, Mzee alivaa kofia yake akaenda kununua barafu kwa wauza samaki. Kila alilolifanya alilitia alama ya penseli kwenye daftari lililoning'inia kwenye msumari. Vumbi la kopo lilipoisha alimwagiza dereva wa lori amletee vumbi la volkano kutoka Goma, akalichekecha kwa chujio langu la chai bila kuniuliza. Tuligombana siku nzima kwa ajili ya chujio hilo. Lakini kusahau, kwa upande wa Pistoni, hakusahau hata mara moja. Nilianza kuona hata mambo mengine anayakumbuka, ni kama yule mnyama alikuwa amemrudishia saa yake.

Basi zile faida. Ya kwanza, hana harufu. Ya pili, hana kelele. Ya tatu, manyoya yake ni mazito, kiroboto hapati pa kupita. Ya nne, haogi maji, anajigaragaza mwenyewe kwenye vumbi na kutoka safi. Ya tano, hali chakula cha watu, nyasi kavu zinamtosha. Ya sita, hata mwenye pumu anaweza kukaa naye, na hapo Mzee alimtaja mkewe, kwa sababu Mama Mwantum alipenda paka maisha yake yote na kifua hakikumruhusu. Ya saba, analala mchana na kuamka jioni, saa ambayo mtu aliyefiwa hana wa kuongea naye. Na ya nane aliishika kwenye kidole cha mwisho kwa muda, kama mtu anayefunua zawadi:

"Anaishi miaka makumi mbili, Mama Prodige. Hii atatuzika siye wote."

Mimi nilimjibu kwamba kwetu Kabare angekuwa ameshaliwa pamoja na bugali, ugali wetu. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwetu tunafuga dende. Ni wanyama wadogo wasio na mkia, wengine huwaita simbilisi. Kila mtoto wa Kabare amekua nao, wanakaa jikoni, chini ya kitanda, karibu na moto, kwa sababu milima yetu ni ya baridi na dende akipata baridi hafiki asubuhi. Mimi nilikuwa na dende kumi na wanane nikiwa na miaka tisa. Mtu asiniambie kitu juu ya mnyama mdogo mwenye manyoya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, na kwa sauti kubwa.

Miezi mitatu ilimalizika siku ya Ijumaa. Assia alikuwa amesema atampitia baba yake msikitini baada ya swala, waje pamoja, aangalie daftari, aangalie mnyama, jambo liishe. Asubuhi ile Mzee alikuwa na furaha ya kitoto. Rafiki yake alimletea kabureta ya pikipiki iliyomshinda, akaifungua pale uani, akaifunga, ikakubali. Kwa furaha ileile akaingia kumuaga Pistoni, akambeba, akambusu kichwani, akamrudisha. Alipoondoka na kanzu yake nyeupe, mimi nilipita na ufagio nikaona alama ya kiganja mgongoni mwa mnyama. Mafuta ya injini, meusi, vidole vyote vitano.

Nilisimama pale na ufagio. Mawazoni nilimwona Assia akiingia na macho yake makali. Nilimsikia akisema baba hata mikono hanawi tena. Niliona miezi mitatu inapotea kwa ajili ya kiganja kimoja, na nilimpenda yule mzee, hilo nalisema bila aibu, nilimpenda kama baba. Nikamtoa Pistoni.

Nilijua haogi maji. Nimeshasema, faida ya nne, nilikuwa nimeisikia mara tisini. Karatasi ya Mzungu, iliyobandikwa ukutani, ilikuwa na maneno hayo kwa herufi kubwa. Nilidhani ni madeko ya Wazungu. Dende akichafuka kwa mafuta ya taa unamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unamkausha kando ya moto, kesho yake amesahau. Nikazima feni ili baridi isimpate akirudi, nikatoa chupa ya barafu nikaiweka kwenye sinki, nikajaza beseni.

Mafuta yalitoka. Lakini manyoya yale yalikunywa maji bila mwisho, nilikamua na kukamua, akawa mdogo mkononi mwangu, anatetemeka. Nikamweka kwenye kikatoni kando ya mbabula, jiko langu la makaa, maharagwe yakichemka juu yake, nikafunga mlango wa jikoni asitoroke. Kisha nikaenda soko la kartie, pale mtaani, kununua lengalenga, mchicha wetu. Njiani nilikutana na mwanamke wa kwaya yetu, tukaongea juu ya sare za Pasaka. Naikumbuka hata rangi tuliyobishania.

Niliporudi alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, masikio mekundu, akihema haraka haraka. Nilimkimbiza kwenye vigae. Nilimpepea kwa kanga yangu. Alifia mikononi mwangu kabla sijamaliza kuomba.

Yaliyofuata niliyafanya kwa akili timamu. Nilimfuta kwa taulo mpaka akakauka kwa juu. Nilimchana manyoya kwa vidole. Nilimlaza kizimbani kwenye pembe aliyoipenda, nikamwaga maji ya beseni, nikachoma kikatoni, nikarudi kuchambua lengalenga. Feni na chupa nilizisahau. Mimi, mwenye kichwa kizima, ndiye niliyesahau.

Walifika saa tisa, wakicheka. Mzee aliingia chumbani kwanza. Sikusikia kilio, nilisikia tu akiita jina lile mara mbili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Nilipofika mlangoni Assia alikuwa ameinama kwenye feni, anaangalia swichi, na chupa ya barafu ameshaiona kwenye sinki, ni maji matupu.

"Baba, feni ulizima we?"

Mzee aliitazama feni. Niliuona uso wake ukitafuta, ukirudi nyuma mpaka asubuhi, ukipekua. Alisema hajui. Alisema anadhani aliiacha inazunguka. Akaliangalia daftari, alama ya asubuhi ilikuwepo, ya mchana haikuwepo, na ya mchana wakati wake haukuwa umefika alipoondoka, lakini hilo hakulikumbuka. Assia akanigeukia.

"Mama Prodige, we ulimugusa?"

"Mi siko na ruhusa ya kumugusa," nikasema.

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Na nilipomaliza kulisema nilimwangalia Mzee. Hakuna aliyenilazimisha kumwangalia. Assia alifuata macho yangu, na Mzee mwenyewe aliyaona.

"Basi ni mi," akasema. "Hakuna mutu mwingine."

Alimzika uani siku ileile, kwenye udongo wa kando ya ukuta, akiwa bado na kanzu ya Ijumaa. Nilimshikia jembe.

Kuhama kulipangwa baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo niliona nilichokifanya. Nilikuwa nimeua mnyama, kumbe hilo ndilo lililokuwa dogo. Mzee aliacha kujiamini kwa jambo lolote. Aliniuliza kama amekula, ilhali sahani ilikuwa bado mbele yake. Alimwomba muadhini amwambie kama ameshaswali. Rafiki yake alirudi na kabureta nyingine, akaikataa, akasema mikono inaweza kukosea ikaua mtu barabarani. Jioni aliketi kwenye chumba cha vigae akaiwasha feni, akaizima, akaiwasha, akijaribu kuusikia mkono wake kama uliwahi kufanya hivyo. Mimi nilisimama jikoni nikimsikia. Nilisema moyoni, sasa nenda umwambie. Kisha nikamenya kitunguu.

Kanisani Kinama nilikaa benchi ya nyuma. Siku ya meza ya Bwana nilijifanya mgonjwa wa tumbo. Na Assia akazidi kuniumiza, alinishukuru. Alisema kama si mimi baba yake angeshachoma nyumba, na kwamba ananihitaji Gasenyi pia, nisitafute kazi nyingine. Alinipa vitenge viwili vya mama yake. Niliviweka chini ya kitanda changu na sijawahi kuvifungua.

Siku ya kuhama, gari lilikuwa langoni, vitanda vimeshatoka. Mzee alikuwa ameketi uani juu ya sanduku lake la spana, Assia akifunga madirisha. Mzee alinyoosha mkono na kumpa binti yake ufunguo wa nyumba, akamwambia autunze yeye, maana kwake utapotea. Ule ufunguo alikuwa nao tangu alipooa. 

Hapo nikapiga magoti kwenye saruji nikasema yote. Kiganja cha mafuta, beseni, sabuni, mbabula, mlango niliofunga, soko, sare za Pasaka, taulo. Nilisema ni mi nilizima feni. Nilisema nilimwangalia Mzee makusudi. Assia aliacha dirisha likining'inia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilijua ameniamini kwa vile midomo yake ilivyokuwa myeupe.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili unamuangalia baba yangu vile, na we unapika."

 Aligeuka akamshika baba yake bega, akamwambia vitanda vitarudi ndani sasa hivi, ufunguo huu hapa, hakukosea kitu. Nilimwangalia Mzee nikitegemea hasira. Niliitaka hasira yake, ningeilipia. Lakini yeye alikuwa akinitazama kwa macho laini, akaniinua kwa kiwiko.

"Simama, Mama Prodige. We uko mutu muzuri. Mwantum naye alikuwa ananifanyia ivi, nikivunja kitu anasema ni yeye."

Nikamwambia si hivyo, naapa. Nikamkumbusha kabureta, kiganja, vidole vitano. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kumbe nilimushika na mikono ya mafuta," akasema polepole. "Umeona. Hata hiyo sikumbuki."

Assia alijaribu. Namshuhudia kwamba alijaribu, alimrudishia ufunguo mara tatu, na mara tatu Mzee aliusukuma. Alisema nyumba ni nzuri, ila hana wa kukaa naye ndani yake isipokuwa hiki kichwa, na kichwa chenyewe hakiaminiki tena. Akaingia garini mwenyewe, akaweka sanduku la spana magotini.

Assia hajanisamehe. Hakunifukuza kwa sababu moja tu, Mzee alikataa kula chakula cha mtu mwingine. Kwa hiyo sasa natembea hadi Gasenyi, naingia kwa mlango wa nyuma, na Assia ananipa kazi bila kuniita jina. Hainiumi kama inavyostahili. Kinachoniuma kiko kwenye kile chumba cha nyuma, kinakaa dirishani na kunisalimia kwa furaha kila asubuhi, na kila asubuhi kinaniita mutu muzuri.

Juzi mjukuu alileta picha ya sungura kutoka shuleni, na Mzee akaamka kidogo. Akaniambia nikae, anihesabie faida za shinshila, maana sungura si kitu. Nikakaa na beseni langu la mchele. Akahesabu harufu, kelele, viroboto, vumbi, nyasi. Kwenye ya sita alimtaja Mama Mwantum. Akaitaja ya saba. Kisha akashika kidole cha nane na kukikodolea macho, na nikauona uso ule ukianza kupekua.

"Ya munane ni gani?" akaniuliza. "Ilikuwa kubwa kupita zote."

Niliijua. Nitaijua mpaka nizikwe. Niliyaona yale maneno yakifika mdomoni, miaka makumi mbili, atatuzika siye wote, na mbele yangu mzee ameshika kidole chake anasubiri.

"Mi pia nimesahau, Mzee," nikasema.

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko chake kilekile cha kukohoa, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Ijumaa ile. Akanipiga begani.

"Kumbe na we," akasema. "Bon. Si mi peke yangu."

Nikacheka pamoja naye. Kisha nikainamia mchele na kuendelea kuchambua, kwa sababu Assia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, ananiangalia.